Baba mdogo kaandikwa marehemu na bado yupo anakunywa chai, tunamfufuaje kwenye makaratasi?

Mnyalukolo Halisi

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa mawazo maana hapa tulipofika hatujui tucheke au tulie.

Nina baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, yupo kijijini huko Iringa anafuga na kulima kidogo. Pensheni ilikuwa inaingia kila mwezi bila shida, ghafla ikakata. Mwezi wa kwanza akasema labda mtandao, mwezi wa pili akaenda benki wakamwambia mzee sisi hela hatujaletewa nenda kwenye mfuko wako. Kaenda mfuko (jina naliacha), kakaa foleni toka asubuhi, kufika dirishani dada wa watu akaingiza namba, akaangalia kompyuta, akamwangalia mzee, akaangalia tena kompyuta, akaita mwenzake. Mwisho wakamuuliza "mzee wewe ni nani wa marehemu?" Akajibu marehemu yupi tena, hiyo namba ni yangu. Ndo wakamwambia hapa inasoma umefariki na faili lako lipo hatua ya mafao ya warithi.

Yaani warithi wapo hatua ya kulipwa na mwenyewe kasimama dirishani na bakora yake.

Sasa hawakuwa wakorofi, walimpa kiti na maji, ila wakasema wao hawawezi kubadilisha, alete uthibitisho kwamba yu hai. Mzee akasema uthibitisho si ndo huu nimekaa hapa? Wakasema inatakiwa ya maandishi. Kanipigia simu anacheka ila mimi namjua, hicho sio kicheko.

Swali langu, tunaanzia wapi, na kuna mtu yeyote humu imeshamkuta yeye au ndugu yake ikaisha vizuri? Maana mama mdogo presha imepanda, anasema hii ni mkono wa mtu, ashaanza kuwahesabu mashemeji mmoja mmoja.

Kobe Mzee

Pole sana mkuu ila nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia 😂 Kama mzee ana mkopo mahali asiharakishe kufufuka, amalizane kwanza na hao wanaomdai wakiwa wanajua kafa.

Karani wa Zamani

Tuache utani kidogo. Nimekaa masjala miaka mingi na mafaili ya aina hii nimeyashika kwa mikono yangu.

Wengi mnakosea mnapokimbilia kuthibitisha uhai. Uhai wa mzee hauna mgogoro, kila mtu anamuona. Kinachotakiwa kubomolewa ni ile taarifa ya kifo. Kwahiyo rudini mkaulize swali moja tu, kwa barua: taarifa ya kwamba huyu kafa mlipata wapi, lini, na kwa karatasi gani? Maana haikushuka yenyewe. Labda mzee hakwenda kwenye uhakiki wa wastaafu wakamfungia, hapo ni nafuu, anajihakiki yanaisha. Labda kafa mtu mwingine jina linafanana na aliyeingiza namba kateleza tarakimu moja, hii ni ya kawaida kuliko mnavyodhani, akina Mwalimu fulani bin fulani wapo wengi. Na labda kuna mtu kapeleka cheti cha kifo chenye jina na namba za mzee wenu akijua kabisa yupo hai. Hiyo sasa ni jinai, usiende na maneno, nenda polisi.

Mtaijuaje ni ipi? Cheti. Kwa hapa kwetu kifo cha hospitali taarifa inaanzia hospitali, kifo cha nyumbani inaanzia kwa mtendaji, halafu RITA wilayani ndo wanatoa cheti. Kila cheti kina namba, na kwenye daftari kuna jina la aliyetoa taarifa. Mkiipata namba ya cheti mmepata kila kitu.

Huku mkifuatilia hilo, mzee aandae barua ya serikali ya kijiji yenye picha yake imegongwa muhuri juu ya picha, kiapo kwa wakili, na kitambulisho cha NIDA. Alama za vidole zinamaliza ubishi haraka kuliko barua kumi. Na kila karatasi mnayopeleka mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukiambiwa "tutakupigia" jua wameshakusahau kabla hujafika getini.

Msomaji wa Kariakoo

Karani kamaliza kwa upande wa ofisi. Mimi naongezea hii ili mzee wako ajue hayupo peke yake duniani.

Kuna mhindi anaitwa Lal Bihari, wa wilaya ya Azamgarh jimbo la Uttar Pradesh, alikuwa mambo yake ni kufuma sari. Miaka ya 1970 katikati huko akaenda ofisi ya ardhi kutafuta karatasi za kuombea mkopo, akaambiwa wewe umekufa, daftari linasema hivyo. Kumbe baba yake mdogo (samahani mkuu kwa hili la baba mdogo 😅) alimhonga karani amuandike kafa ili arithi kipande cha shamba ambacho hata ekari moja hakifiki. Karani kaandika mstari mmoja tu, na ule mstari kuufuta ikachukua mpaka mwaka 1994. Karibu miaka 20 jamaa ni maiti ya serikali.

Ila alichofanya katikati hapo ndo kimenifanya nimpende. Akili yake ilikuwa hivi: kama serikali inasema sipo, basi ngoja nifanye kitu ambacho wakitaka kunishughulikia lazima waandike kwamba nipo. Akamteka mtoto wa huyo baba yake mdogo ili akamatwe, maana polisi hawawezi kufungulia kesi maiti. Polisi hawakuja kumkamata, ikabidi amrudishe mtoto kwao. Akamwombea mkewe pensheni ya wajane, kwamba haya kama nimekufa basi mlipeni mjane wangu, nayo wakagoma! Yaani kwenye shamba kafa, kwenye pensheni ya mjane hajafa. Akagombea ubunge, 1988 dhidi ya mwanasiasa mkubwa V.P. Singh na 1989 akaenda kugombea Amethi dhidi ya Rajiv Gandhi aliyekuwa waziri mkuu, hakuwa na mpango wa kushinda, alitaka tu jina lake liwe kwenye karatasi ya kura. Na kwenye jina lake akajiongezea Mritak, yaani Marehemu, barua zake akawa anasaini hivyo.

Humo njiani akagundua wapo wengi kama yeye, jimbo lina watu wengi na ardhi ni ndogo, kwahiyo ndugu kuandikana marehemu ni biashara. Akaanzisha chama chao, chama cha marehemu kabisa, kinasaidia watu kufuta vifo vyao. Mwaka 2003 wakampa tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile ya utani ila wa maana.

Ndo maana mimi nasema pamoja na swali la Karani ongezeni hili: mzee akiwa kafa, nani anapata nini? Sio kwamba nawachonganisha na mashemeji, ila faili limefika hatua ya warithi, si ndio? Sasa hao warithi waliojaza hizo fomu ni akina nani? Mzee ana watoto, je wao walijaza? Kama hawakujaza, kuna familia nyingine mahali inasubiri hela ya huyo "marehemu".

Dogo wa Mbagala

Mnazunguka sana, hapo kuna msukule. Mtu anafichwa nyie mnazika mgomba. Mbona kila siku tunasikia mtu kaamka mochwari, unadhani wanaamkaje?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dogo, hapa hakuna aliyezikwa hata mgomba, mzee yupo kwake anafuga. Ila kwa vile umeitaja mochwari ngoja niseme, mimi ni nesi na kwenye chumba cha dharura nimekaa vya kutosha.

Mtu kuamka mochwari ni kitu kipo na hakihitaji mganga. Kuna hali zinamfanya mtu aonekane kafa kabisa na hajafa: sukari ikishuka mno, baridi kali, aliyezama majini, aliyezidisha dawa za usingizi au za kulevya, na zile sumu za kuulia wadudu shambani. Moyo unapiga taratibu mno na kwa udhaifu, ukishika mkono hupati kitu, pumzi ni ya kuvizia, ngozi ya baridi. Sasa wewe ni mmoja zamu ya usiku, umeme umekata, unamulika kwa tochi ya simu, ndugu wameshaanza kupiga yowe mlangoni, ukishika kiganja sekunde chache ukasema "pole mama", umemaliza. Ndo maana tunafundishwa kiganja sio kipimo, shika shingoni, sikiliza moyo na mapafu kwa kipimo bila haraka (mwongozo wa Waingereza unataka usipungue dakika 5), angalia mboni kwa mwanga, na mashine ya umeme wa moyo kama ipo iwekwe. Ikiwa kuna madoa ya damu iliyotulia upande wa chini wa mwili, au mwili umeshaanza kukakamaa, hapo hakuna ubishi tena. Kabla ya hapo ni kazi ya mtu kutulia na kupima.

Na aliyepoa kwa baridi huyo ndo kabisa usimwandike mpaka umpashe moto. Mwaka 1999 kuna daktari mmoja Mswidi alikuwa anateleza kwenye theluji huko Norway akatumbukia kwenye kijito akanasa chini ya barafu dakika 80, joto la mwili lilishuka mpaka nyuzi 13.7, moyo umesimama. Wakampeleka hospitali wakamzungushia damu kwenye mashine ya kuipasha, moyo ukarudi, na baadaye akaja kufanya kazi hospitali ileile iliyomwokoa.

Kuna nyingine inaitwa kwa jina la Lazaro yule wa kwenye Injili, iliandikwa mara ya kwanza kwenye majarida ya kitabibu mwaka 1982. Mmekandamiza kifua mmechoka, mmeacha, mmetamka muda wa kifo, halafu moyo unaanza wenyewe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wakati wa kumpampu hewa kwa pupa, hewa inajazana kifuani inaubana moyo damu isirudi, mkiacha hewa inatoka na moyo unapata nafasi. Nyingi hutokea ndani ya dakika 10, kwahiyo ushauri ni kwamba ukiacha usichomoe nyaya, kaa hapohapo dakika 10 ndo utamke. Kwenye hospitali zetu hizo dakika 10 unazitoa wapi wakati mgonjwa mwingine anatapika damu kitanda cha pili, hilo ni swali lingine.

Wengi wanaoamka hivyo hawadumu, niseme ukweli. Yule mama wa miaka 76 wa Ecuador mwaka 2023, aliyegonga jeneza watu wapo kwenye mkesha wake, alirudishwa hospitali na wiki moja baadaye akafariki kweli. Watu husambaza ile video ya kwanza, hiyo ya pili hawasambazi.

Na hofu hii msidhani ni ya Waswahili na misukule yetu. Ujerumani mjini Weimar mwaka 1792 walijenga nyumba kabisa ya kulaza maiti na mlinzi wake, mpaka zianze kuoza ndo zizikwe, kwa sababu kuoza ndo dalili pekee waliyoiamini. George Washington naye aliagiza asiwekwe kaburini mpaka zipite siku tatu.

Mkenya wa Kitale

Nesi amesema kweli tupu. Huku kwetu ile ya Kericho ya Novemba 2020 ilitutetemesha wengi. Kijana wa miaka 32 ameletwa hospitali, jamaa zake wakaambiwa amefariki, akapelekwa mochari. Mhudumu amemchanja mguu ndio aanze kutia dawa ya kuhifadhi mwili, "maiti" ikaanza kulia kwa uchungu. Wahudumu walitoka mbio, na ungekuwa wewe pia ungetoka.

Baadaye sasa ikawa ni kurushiana lawama. Familia inasema nesi ndiye aliwaambia ameaga, hospitali inasema familia ilimpeleka mochari bila kungoja daktari athibitishe. Mimi sijui nani mkweli lakini angalia vile jambo lenyewe liko, kati ya kitanda na friji hakukuwa na karatasi ya daktari. Hata ile ya Afrika Kusini ya 2011, Libode huko Eastern Cape, familia yenyewe iliona mzee haamki ikapigia mochari ya kibinafsi simu, mzee akalala kwa friji karibu siku nzima hadi akaamka akiita, wafanyakazi wakadhani ni mzimu.

Kwa upande wa karatasi, Kenya kifo cha hospitali kinaandikwa fomu ya D1 na cha nyumbani naibu wa chifu ndiye anajaza D2. Huyo naibu wa chifu anajua boma zote, ndio maana ni vigumu kidogo kumwandika jirani amekufa na anamwona sokoni kila wiki. Lakini mtu akipotea kabisa ni mambo mengine. Sheria ya Ushahidi kifungu cha 118A, miaka 7 bila kusikika na wale ambao wangefaa kusikia kutoka kwake, korti inaweza kuchukulia amekufa. Sasa wale vijana wetu wameenda ng'ambo na hawapigi simu nyumbani wajichunge 😂

Mbongo wa Columbus

Huyo wa mwisho unanisema mimi? 😂 Nipo Ohio huku na Ohio ndo penyewe.

2013 kuna jamaa alienda mahakama ya kaunti ya Hancock, hapahapa jimboni. Miaka ya 80 alitoroka nyumbani, kazi hana, matunzo ya watoto anadaiwa. Mke kahangaika, mwaka 1994 mahakama ikatamka kwamba amekufa, watoto wakaanza kulipwa mafao ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani). Jamaa anakuja kuibuka anataka leseni ya udereva na namba yake ya Social Security irudishwe, anajikuta marehemu. Kaenda kwa jaji yuleyule. Jaji anamwona, anaongea naye, anakubali kabisa kwamba ndo yeye, halafu anamwambia sheria ya Ohio inatoa miaka 3 tu ya kutengua tamko la kifo, umechelewa, kisheria bado umekufa. Na mke wa zamani naye hakutaka afufuliwe maana angeweza kuambiwa arudishe hela zote walizokula watoto. Ukifikiria yule mama hana kosa lolote, mwenye kosa katoroka yeye.

Romania 2018 ikawa hivyohivyo, mtu kakaa Uturuki miaka anapika hotelini, kufukuzwa kurudi kwao uwanja wa ndege wanamwambia una cheti cha kifo, mke alikichukua. Mahakama ya kwanza ikamgomea, eti maombi yameletwa nje ya muda. Yaani kufa kuna tarehe ya mwisho ya kukata rufaa.

Hao ni waliopotea. Ila wapo ambao hawajapotea popote, wapo kwenye makochi yao. Social Security hapa wanapokea taarifa za vifo kama milioni 3 kwa mwaka, wenyewe wanasema zenye makosa hazifiki theluthi moja ya asilimia 1. Inasikika ndogo, piga hesabu uone, ni maelfu ya watu. Na hiyo orodha inasomwa na benki, bima, kampuni za mikopo, kwahiyo asubuhi kadi inagoma, mchana bima ya matibabu imekatwa, jioni mwenye nyumba anataka kujua nani anakaa humo. Wana barua maalumu kabisa wanakupa, ya kwenda kuwaonyesha benki na wengine kwamba huyu aliandikwa kafa kimakosa. Mkuu uliyeuliza, hiyo ndo ninachotaka mzee wako aidai, maana wakirekebisha kimyakimya kwenye kompyuta yao, benki na bima ya afya bado wana ile taarifa ya zamani, atarudi kufa upya kila ofisi.

Bin Saleh wa Unguja

Assalaam alaykum. Hili la mke limenigusa kwa sababu bahari yetu hii inachukua watu, chombo kinapinduka, wengine maiti zao hazionekani, na mke yupo nyumbani hajui yeye mjane au mke wa mtu.

Waliotutangulia walilifikiri hili zamani. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alihukumu mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, kisha ni halali kuolewa. Na bwana akitokea akamkuta keshaolewa, akapewa khiyari, mkewe au mahari yake. Maimamu wamekhitalifiana, Imam Malik kaichukua hiyo ya miaka minne, Imam Shafi katika kauli yake ya baadaye anataka yakini, kwa hivyo huku kwetu usijiamulie, nenda kwa kadhi. Na mali haigawiwi mpaka hukumu itoke, na mwenyewe akirudi kile kilichobaki mikononi mwa warithi ni chake. Angalia tofauti na huyo jaji wa Ohio. Kule ukirudi umechelewa, huku mlango wa kurudi uliachwa wazi tangu mwanzo.

Dereva wa Murchison

Naongezea moja ya Uganda, wageni wangu huwa wanaipenda. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway na mkewe walikuwa kwenye kindege kidogo wanaangalia maporomoko ya Murchison, kindege kikagonga waya wa simu kikaanguka porini. Rubani mwingine kapita juu kaona mabaki hakuona mtu, magazeti duniani kote yakaandika kafa. Wao wamelala porini na tembo, kesho yake wakapata boti mpaka Butiaba ziwa Albert. Pale wakapandishwa ndege nyingine ya kuwatoa, ikashika moto kabla haijaruka, akapasua mlango kwa kichwa ndo akatoka. Alikuja kukaa anasoma taazia zake mwenyewe gazeti baada ya gazeti. Mwaka huohuo akapewa Nobel na hakwenda kuichukua, mwili ulikuwa bado haujapona.

Mnyalukolo Halisi

Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa kijijini na mtandao wa huko mnaujua. Asanteni sana wote, hata Kobe, mzee kasomewa komenti yako kacheka cha kweli safari hii.

Tulienda na barua tukauliza kama Karani alivyosema, karatasi ipi. Mwanzo walisita, baadaye wakatoa namba ya cheti. Cheti ni halali, RITA wanakijua, tena kipo vizuri kabisa. Ila sio cha baba mdogo. Ni cha mwalimu mwingine mstaafu wa mkoa wa jirani, jina la kwanza na la ukoo ni yaleyale, jina la kati tofauti, na namba ya uanachama imepishana tarakimu moja. Aliyeingiza kaingiza ya kwetu. Mama mdogo nimemuonyesha nakala, kaisoma mara mbili, mashemeji wamepona.

Sasa Msomaji wa Kariakoo ulivyosema kuna familia mahali inasubiri, ni kweli ipo. Mjane wa yule mwalimu anazungushwa toka mume kafariki, kila akienda anaambiwa mama mumeo kwenye mfumo yupo hai na pensheni yake inaingia kila mwezi. Inaingia kweli, kwenye akaunti ambayo yeye hawezi kuigusa. Namba yake tulipewa na katibu wa wastaafu wa kule, nimeongea naye, ni mama mpole sana, kaanza kwa kunipa pole mimi. Tumekubaliana twende ofisini siku moja, sisi na mzee wetu mzima, yeye na cheti chake, tukae dirisha moja mpaka waelewe.

Alama za vidole zimeshachukuliwa zimekubali. Malimbikizo ya miezi iliyokatwa wanasema yanasubiri kibali kutoka makao makuu.

Karani wa Zamani

Safi sana. Malimbikizo andikeni barua yake peke yake, msiyachanganye na barua ya kufuta kifo, la sivyo moja itakwamisha nyingine. Na ile barua aliyoisema wa Columbus muidai, nakala iende benki na bima ya afya.

Halafu mwambieni huyo mama kitu kimoja kabla hamjaenda. Pensheni ilivyoendelea kuingia kwenye akaunti ya mume wake baada ya kifo, watazitaka hizo hela, na wanaweza kumletea fomu ya kukiri deni hapohapo dirishani akiwa amechanganyikiwa. Asisaini siku hiyo. Achukue nakala ya taarifa aliyoitoa mwanzo, ile yenye muhuri wa kupokelewa, ionekane kwamba yeye alisema mapema mume kafa na wao ndo waliendelea kulipa. Kama nakala hana, muhuri upo kwenye faili lao, na faili hilo kwa sasa lina jina la baba yako mdogo, kwahiyo nyie ndo mnaweza kuomba kulisoma.